Kuhusu mwasho wa Simba

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako imenifikia, na nimesikitika kusikia mbwa wako Simba bado anajikuna usiku kucha, anaramba nyayo mpaka zimekuwa nyekundu, na masikio yameanza tena kutoa uchafu.

Unasema kinachomwasha hakiwezi kuwa nyama ya ng'ombe kwa sababu ameila tangu utotoni. Hapo sikubaliani nawe, dada. Mwili hauanzi kupigana na protini ngeni. Huizoea kwanza, kisha huja kuigeukia, hata baada ya miaka. Ndiyo maana vinavyoshukiwa zaidi ni vyakula vya kila siku: nyama ya ng'ombe, maziwa, kuku, ngano.

Kwanza daktari wa mifugo ahakikishe si viroboto, na ayatibu hayo masikio, maana maambukizi nayo huwasha. Vipimo vya damu na mate usivitolee pesa, kwa mzio wa chakula havitegemeki. Kinachotegemeka ni chakula cha majaribio. Mtachagua na daktari nyama ambayo Simba hajawahi kuionja, au chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa hata mwili usiitambue. Atakula hicho na maji, basi, kwa wiki 8.

Nakuomba sana uwe mkali hapa, kwani ndipo wengi hukwama. Mtoto akimrushia kipande kidogo cha mkate, au Simba akimeza dawa yenye ladha ya nyama, jaribio limeharibika. Dawa zake usizikatize. Mwombe daktari zisizo na ladha. Wageni nao waambie. Na huko kubadilisha chakula kila wiki acha kabisa, ngozi haiwahi kupona.

Akipata nafuu, mrudishie chakula cha zamani. Najua itakuuma, lakini bila hatua hiyo huwezi kujua kama ni chakula kilichomponya au ni dawa za masikio. Mwasho ukirudi, mara nyingi ndani ya wiki 2, mwondolee mara moja, na akishatulia umjaribishe kitu kimojakimoja: kuku peke yake, kisha ngano, mpaka umjue mkosaji. Pengine kuku ataendelea kumla bila shida.

Niandikie daktari akishamwona, unieleze pia choo chake kikoje, maana hukutaja kama anaharisha.

Wako akupendaye,
Mwanaidi