Mwanangu, miwani hiyo ivue ukiwa ndani

Mwanangu,

Picha yako imefika. Umekaa mezani, kitambulisho cha kazi shingoni, mashaallah. Nimewaonyesha wote barazani, hadi yule jirani asiyejua kusifu mtoto wa mtu. Lakini nilipoivuta karibu nikaona miwani nyeusi. Saa nne asubuhi, ndani ya ofisi, miwani ya kwendea pwani! Nduguyo akaniambia, mama, yuavaa hivyo hata usiku. Usiku, mwanangu?

Juzi nilikwenda kwa daktari wa macho kuangaliwa huyu mtoto wa jicho wangu. Nilipofika nikamsahau, nikauliza habari za mtoto niliyemzaa na kipandauso chake, hicho kichwa kikali cha upande mmoja. Daktari akasema mwenye kipandauso kuumizwa na mwanga si deko, lakini jicho likizoeshwa giza huzidi ukali. Ukikaa na miwani nyeusi ndani kutwa, siku ukiivua taa ya jikoni itakuwa jua la saa saba pale Makadara. Miwani nyeusi ni ya nje, juani, pamoja na kofia. Ndani ivue. Kichwa kikikushika, lala gizani, hapo hakuna aliyekukataza. Kikishapita, fungua pazia, kidogo kidogo.

Akanionyesha kioo chengine, rangi yake kama sharbati ya waridi iliyozidi maji. Kinaitwa FL-41. Hupunguza ule mwanga wa buluu na wa buluu-kijani unaowachoma sana watu wa kipandauso, mwengine kinauacha upite, kwa hiyo jicho halikai gizani. Huko Birmingham, Uingereza, watoto waliovaa miwani ya rangi hiyo, kwa taarifa ya mwaka 1991, walishuka kutoka kushikwa na kichwa mara 6.2 kwa mwezi hadi 1.6. Walikuwa watoto wachache, daktari mwenyewe alisema, usiende ukadhani ni dawa ya hakika. Uliza hapo Nairobi, na wasikuuzie pinki ya urembo. Pesa usiwe na wasiwasi, zamu yangu ya mchezo ni mwezi ujao.

Nduguyo naye hakukubali kuachwa nyuma. Kasoma kwamba mwaka 2016 wataalamu wa Harvard walijaribu rangi za taa kwa wenye kipandauso, wakaona buluu, nyekundu na nyeupe zinazidisha maumivu, na kijani ndiyo inayoumiza kidogo kuliko zote. Siku ya pili kaja na balbu ya kijani ya kupambia harusi, kaifunga chumbani mwako. Nikamwambia kijani yao ni kijani tupu, isiyochanganyika na rangi nyengine, si hii ya dukani. Hakusikia. Chumba chako ukikiona sasa utadhani kuna maulidi.

Na ile taa ya tyubu juu ya kichwa chako, niliiona pichani. Zile kuukuu hupepesa hata kama jicho haling'amui. Mwombe mkubwa wako akuhamishe, ukae ubavuni mwa dirisha, si kulikabili. Wewe kuomba ni mzito, hiyo umerithi kwa babako.

Halafu vidonge. Nilikuwa naanika godoro lako, sikupekua, nikakuta maganda matupu. Niliyahesabu, idadi siitaji humu. Dawa ya kutuliza maumivu ukiimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, na hizo za triptani, zile za kukatiza kipandauso chenyewe, au zilizochanganywa na kafeini, siku 10, kichwa huanza kuuma kwa sababu ya dawa yenyewe. Tia alama kwenye kalenda. Ukiona unakaribia huko, daktari akupe dawa ya kinga, na kabla hajaandika kitu mwambie una pumu, maana propranololi, ambayo wengi huanzishiwa, haimfai mwenye pumu. Usione haya kusema. Ulifanya mtihani mzima jicho moja limefumba ukapasi, utashindwa na kusema una pumu?

Lakini miwani kwanza.

Najua utasema, nani aliyepigilia buibui lake kuukuu dirishani kuzuia mwanga? Misumari ipo hadi leo, minne, imeshika kutu. Nilikuwa naona unalia na sina la kufanya, na kabla ya hapo nilishakuita mvivu wa kukuna nazi mbele za watu. Basi. Jana nilichukua koleo nikang'oa miwili. Miwili imekataa, namngoja fundi wa mfereji akija aing'oe, ingawa mfereji wenyewe leo siku ya sita hautoi hata tone, maji twanunua ya mkokoteni na bei wanapanga watakavyo.

Paka amezaa ndani ya kabati la babako, juu ya kanzu ya Idi. Babako hajajua.

Barua hii naifunga ndani ya mzigo, utaupokea stendi ya basi. Mahamri yale mapema, hayakai. Halua wagawie wenzako wa ofisini. Chupa ya achari nimeizungushia nailoni mara tatu, ikivuja mlaumu dereva.

Na unitumie picha nyengine, meza hiyo hiyo. Nataka nione macho.

Mamako