Kuepuka au kukwepa kodi?

Mhariri, hivi kuepuka kodi na kukwepa kodi vinatofautiana wapi hasa? Tunaambiwa kuepuka ni halali kukwepa ni jinai, sawa, lakini zile Nyaraka za Panama za 2016, siri zilizovuja za kampuni ya wanasheria huko Panama, zilijaa makampuni ya kwenye makaratasi tu, hayana ofisi wala mfanyakazi, na mengi hayakuvunja sheria yoyote, ndo kinachoniudhi. Kampuni inalilipa tawi lake lenyewe la kwenye visiwa vya ng'ambo vyenye kodi ndogo au visivyo na kodi hela ya kutumia nembo yake yenyewe (!), faida inahamia huko, wanasheria wanaita mipango ya kodi. Sisi wa mshahara tunakatwa kabla hata hela hatujaiona, tupange nini? 2021 nchi zaidi ya 130 zilikubaliana makampuni makubwa yalipe angalau asilimia 15, nasubiri kuona watapenyea wapi.

Msomaji wenu