Risala ya Akina Mama Wakimbizi wa Kayole kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuhitimu Kozi ya Ushonaji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Chifu wetu pamoja na wazee wa Nyumba Kumi,
Walimu wakuu mlioacha mapumziko yenu kuja kuketi nasi,
Wachungaji na maimamu,
Mama zetu wenyeji wa Kayole,
Watoto wetu,

Hamjambo nyote! Na kwa wenzangu wa Kivu, mashariki mwa Kongo: jambo yenu!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Pili tunakushukuru wewe, Mgeni Rasmi, kwa kuitikia wito wa akina mama ambao hawana cha kukukaribishia ila maandazi, chai ya maziwa na maneno haya. Ukumbi huu tumeufagia tangu saa kumi na moja alfajiri. Mashati ya watoto unayoyaona ukutani, na lile gauni la kitenge lililoning'inizwa karibu na dirisha, yote ni kazi ya mikono ya hawa walioketi mbele yako. Gauni hilo lilifumuliwa mara tatu kabla mwalimu hajalikubali. Tunakuomba ukipita hapo ulishike, utazame mshono wa kwapani.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2022 kwenye ngazi za ploti moja, yaani jengo la vyumba vya kupanga, hapa Kayole. Tulikuwa mama saba. Kila Jumapili baada ya ibada kila mmoja alitoa shilingi hamsini, na mmoja wetu, kwa zamu, akaondoka nazo zote. Kwetu Kongo mchezo huo unaitwa likelemba. Ninyi mnauita chama. Leo tuko arobaini na mmoja. Wengi tumetoka Rutshuru, Masisi, Uvira na Fizi. Wako wa Burundi. Na wako wawili wazaliwa wa Nairobi, ambao nyumba zao kando ya Mto Mathare zilibomolewa baada ya mafuriko ya 2024. Walipoomba kuingia, wapo waliouliza kama kikundi cha wakimbizi kinaweza kumpokea Mkenya. Tukawasikiliza wakisimulia jinsi walivyojitwika godoro na kushika watoto mkono bila kujua waendako. Swali lile halikuulizwa tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mimi ninayesoma risala hii nilitoka Rutshuru Juni 2022, siku zile waasi wa M23 walipouteka mji wa mpakani wa Bunagana. Nilivuka kwenda Kisoro, Uganda, nikiwa na watoto watatu: binti wa miaka kumi, mvulana wa miaka sita, na mdogo mgongoni. Baba yao tulipoteana njiani na mpaka leo sina habari zake. Kutoka Kisoro tulifika Kampala, kutoka Kampala tukaja Busia, na kutoka Busia hapa. Nilikuja Nairobi kwa sababu moja tu: dada mmoja wa kanisa letu alikuwa Kayole, akanitumia ujumbe kwamba nikifika nitalala kwake. Nilipofika nikamkuta na chumba kimoja na watoto wanne. Alitupokea wiki tatu. Usiku tulijipanga sakafuni kama dagaa, na anayetaka kwenda msalani ilibidi awaamshe wote. Mungu ambariki, yuko hapa leo.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo wenyeji wengi hawalijui. Nchini Kenya msaada wa mkimbizi, yaani chakula, makao na matibabu, kwa sehemu kubwa uko kambini: Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kule Turkana, Kalobeyei iliyo jirani yake, na Dadaab. Anayeishi mjini anahesabiwa kuwa anajitegemea. Tunaulizwa sana kwa nini hatuendi kambini. Wako wenzetu waliokwenda, na wako waliorudi. Mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, mgao wa chakula kule ulikatwa vibaya. Mtoto wangu mdogo ana pumu, na lile vumbi la Kakuma niliogopa litaniulia mtoto. Kila mama aliyeketi hapa ana sababu yake, na si rahisi kuisema mbele za watu.

Basi mjini tunajitegemea, na kazi ya kwanza inayompokea mama mgeni asiye na karatasi ni kufua nguo za watu. Ukiamka saa kumi na moja ukaenda kuketi nje ya geti la mtaa wenye maghorofa, ukabahatika, utapata shilingi mia tatu, au mia tano nguo zikiwa nyingi. Siku ya mvua hupati kitu, maana hakuna anayefua. Chumba kilikuwa shilingi elfu nne kwa mwezi, na siku ya kuingia ulitakiwa ulipe mara mbili: kodi na depositi. Hesabu hii, Mgeni Rasmi, tunaomba uifanye mwenyewe, ukiongeza unga, mafuta ya taa, tokeni za stima na mtungi wa maji unaonunuliwa kila siku.

Mwezi wa Novemba mwaka ule niliofika Nairobi mvua ilinyesha siku nyingi. Tarehe kumi na moja nilirudi jioni nikiwa na unga kilo moja na sukuma wiki ya shilingi ishirini. Kwenye mlango wetu palikuwa na makufuli mawili. Langu lilikuwa dogo, la manjano. La pili lilikuwa kubwa, jeusi, limepitishwa kwenye pete ya juu. Watoto walikuwa wameketi kwenye ngazi na sare zao za shule, kwa kuwa nguo za kubadilisha zilikuwa ndani. Ndani pia mlikuwa na blanketi, madaftari, pampu ya pumu ya mtoto, na sufuria ya maharage niliyoyaloweka asubuhi.

Tulilala kwenye ngazi zile usiku nne. Mama mmoja Mkenya wa ghorofa ya tatu alimchukua mdogo akalala naye, na kesho yake akaenda kumnunulia pampu nyingine kwa fedha zake. Binti yangu alifanya kazi ya shule chini ya balbu ya ngazini, na kila mtu alipopita ilibidi asimame na daftari lake, apishe, aketi tena. Siku ya nne harufu ya maharage yaliyochacha ilianza kutoka chini ya mlango. Mvulana wangu akainama, akanusa, akaniuliza kama nyumba inaweza kuoza.

Sisemi mwenye ploti alikuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na deni lake. Ila nasema hivi: mama akifungiwa mlango hafungiwi chumba tu. Kesho yake hana nguo safi ya kwenda kuombea kazi, mtoto hana daftari, na mgonjwa hana dawa. Ile kodi inayodaiwa inazidi kuwa mbali naye kila siku kufuli likikaa pale.

Waliotufungulia ni wale mama saba wa likelemba. Zamu haikuwa yangu, ilikuwa ya mama wa Fizi aliyekuwa anangojea kumlipia mtoto wake ada. Alisema nichukue mimi. Hazikutosha, wakachanga tena. Kuanzia siku ile tumeweka kanuni: mwenzetu akifungiwa, zamu ni yake, hata kama alipokea wiki iliyopita. Na pembeni tuna mfuko ambao kila mmoja anatia shilingi ishirini kwa wiki. Katika daftari la mweka hazina umeandikwa "Mfuko wa Kufuli". Mwaka huu umefungua milango tisa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba niseme habari ya watoto, maana walimu wako hapa.

Shule ya kwanza niliyompeleka binti yangu waliomba cheti cha kuzaliwa. Cheti kilibaki Rutshuru, ndani ya kabati, katika nyumba ambayo sijui kama bado ina paa. Nikarudi naye nyumbani. Alikaa miezi minne akilea wadogo zake huku mimi nikienda kufua, na kila asubuhi alisimama mlangoni kuwatazama wenzake wakipita na mikoba. Shule ya pili mwalimu mkuu alisema mtoto aingie darasani kwanza, karatasi tutazitafuta tukiwa naye ndani. Maneno hayo sitayasahau.

Kwetu alikuwa darasa la tano, akisoma kwa Kifaransa. Hapa akawekwa gredi ya pili pamoja na watoto wa miaka saba, magoti yake yakigusa ubao wa dawati. Tena akifungua mdomo wanacheka, kwa sababu Kiswahili chetu cha Kivu kina matamshi yake. Anasema "batoto" badala ya watoto, na shule tunaiita "masomo". Akaacha kusema kabisa. Ni mwalimu wake wa Kiswahili aliyelitatua. Siku moja aliliuliza darasa: nani kwao wanasema nini kwa watoto? Mtoto wa Kikuyu akasema "ciana". Mtoto wa Kibukusu akanyoosha mkono akasema kwao ni "babana". Mwalimu akaandika ubaoni "batoto", na chini yake "babana", akawaacha wayatazame. Binti yangu alirudi siku ile akizungumza kuanzia getini mpaka usiku. Sasa yuko gredi ya sita. Mwalimu huyo hakutaka nimtaje jina, lakini ameketi miongoni mwenu na tunaomba ajue kwamba tunamwombea kila Jumapili.

Tunajua kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na ya lishe, makao na huduma za afya. Imeandikwa "kila mtoto". Tuliisoma hapa ukumbini kwa sauti, sentensi kwa sentensi, na mwenye kujua kusoma akimsomea asiyejua. Tunajua pia kwamba Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inampa mkimbizi aliyetambuliwa nafasi ya kufanya kazi na biashara, na kwamba kipo kibali cha kazi cha daraja M kwa ajili yake. Shida ni ile safari ya kufika kwenye kutambuliwa. Wengi wetu bado ni waomba hifadhi. Tunaishi na karatasi ya muda, tunaikunja ndani ya plastiki, tunaifanyia upya, tunangojea. Katika kungojea huko watoto wanakua, na kodi haingojei. Mpango wa serikali uitwao Shirika, wa kuzigeuza kambi kuwa makazi ya wakimbizi pamoja na wenyeji, uliozinduliwa Machi 2025, tumeufurahia, lakini unazungumza zaidi habari za Kakuma na Dadaab. Sisi wa mitaani tungependa kusikia jina letu ndani yake.

Sasa nirudi kwenye furaha ya leo. Miezi sita iliyopita akina mama kumi na wanane walianza kujifunza hapa kwa cherehani nne za kukanyaga. Wanne wanashona, wengine wanapima na kukata juu ya magazeti, halafu wanabadilishana. Mmoja wao hakuwahi kushika kalamu maishani. Alijifunza namba kwenye utepe wa kupimia, na leo anaandika vipimo vya mteja mwenyewe: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Wanajua kutia zipu, kupiga pindo, kushona kaptula ya shule yenye mifuko isiyochanika. Wawili tayari wameacha kufua.

Ndiyo maana ombi letu la kwanza, Mgeni Rasmi, si la fedha. Tunaomba walimu wakuu waliopo waturuhusu kushona sare za shule zao. Hatuombi tupewe zote. Tuanze na gredi moja, mkazipime, mkazifue, na zikiwa mbovu mturudishie. Mama mwenye sare ishirini za kushona mwezi wa Desemba anajua kodi ya Januari itatoka wapi.

La pili ni depositi. Mama akifika mgeni na watoto, kodi ya mwezi anaweza kuitafuta. Ile depositi inayodaiwa pamoja nayo ndiyo inayomlaza kituo cha mabasi au kwenye ngazi. Tunaomba utusaidie kukutana na wenye ploti wa mtaa huu, Chifu akiwepo, tukubaliane walipwe depositi kidogo kidogo kwa miezi minne, na kikundi kiwe mdhamini. Vilevile, kabla ya kufuli kuwekwa, waje kwanza kwa mweka hazina wetu. Daftari lake liko wazi.

La tatu, ukumbi huu tumeazimwa na kanisa mpaka mwisho wa mwaka, kisha utafanyiwa ukarabati. Cherehani zetu hazina pa kulala. Hata chumba kimoja chenye dirisha na stima kitatutosha, na kodi yake tuko tayari kuchangia.

Na la mwisho ni kwa walimu: mtoto akija bila cheti, tunaomba mfanye kama alivyofanya yule mwalimu mkuu. Katibu wa kikundi, ambaye ni mimi, atafuatana na mama huyo kutafuta karatasi mpaka zipatikane.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vyeti viko mezani. Tumevipanga kwa alfabeti, lakini tunaomba uanze na cha mama aliyeketi mwisho wa safu ya pili, mwenye mtoto mgongoni. Zamu yake ya usiku inaanza saa kumi na mbili, na matatu za kwenda huko saa hizi zina foleni ndefu.

Tunaomba kuwasilisha.