Kwa Waziri mwenye dhamana ya nyaraka: wazee wa Ziwani wanamalizika

Mheshimiwa Waziri,
Assalaam alaykum.

Babu yangu tumemzika mwaka jana. Usiku wa Mapinduzi ya Zanzibar, kuamkia tarehe 12 Januari 1964, alikuwa Ziwani, kwenye kambi ya polisi, na panga, kukicha ana bunduki ya polisi. Hilo alilisimulia kila mwaka mbele za watu, maneno yale yale, kama khutba ya Ijumaa. Baada ya isha, barazani, alikuwa mtu mwingine. Alianza habari za siku zilizofuata: duka la Mwarabu aliyekuwa akimkopesha mchele, mlango uliovunjwa, watoto. Akifika kwa watoto huomba maji, na maji yakija mazungumzo yamekwisha. Miaka yote hiyo simu ninayo mfukoni, na sikumrekodi hata mara moja.

Aliyekuwa na miaka 20 usiku ule sasa ameshapita 80. Makaratasi ya Waingereza na ya Sultani yamehifadhiwa pale Kilimani, kwenye jengo la Nyaraka. Kuli na mkwezi hawakuandika barua. Walichonacho kimo vifuani mwao.

Watume vijana wa Nyaraka wakawasikilize majumbani. Wasivae fulana za chama chochote, wasije na kamera za televisheni. Na kila mzee apewe kufuli lake: kanda yake ifunguliwe akishakufa, au baada ya miaka 30, apendavyo. Bila kufuli hilo mtapata khutba tu, maana huku kwetu neno la babu laweza kumkosesha mjukuu kazi. (Msidhani natia chumvi.)

Waliopigwa bakora baada ya Mapinduzi nao waulizwe. Bibi yangu ni wa Wete, Pemba. Kwake yeye miaka ile ni "siku za bakora", na mpaka leo hulitamka kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Huko Pemba wapo pia wa Januari 2001, waliokimbilia Shimoni, Kenya, kwa ngalawa baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji. Hao bado wana nguvu, lakini babu naye alikuwa nazo.

Yupo mzee Kikwajuni aliyekuwa na babu Ziwani. Nimemuuliza, amekubali, kwa sharti moja: wasije Januari. Anapatikana baada ya alasiri. Macho hayaoni tena, kwa hiyo wakibisha hodi wataje majina yao kwanza.

Wako,
Mjukuu, Ng'ambo