"Tungefurahi" haikuwa "tutafurahi": barua kwa mdogo wangu

Mdogo wangu,

Barua hii nimeiandika mara tatu kwenye simu na mara tatu nimeifuta, kwa sababu kila ninapofika mwisho nakumbuka kwamba tangu ulipoondoka hapa Columbus, wiki ya mwisho ya Ramadhani, hupokei simu yangu, na salamu zangu za Idi zote mbili hukuzijibu. Basi naiandika hapa, mahali ambapo nimezoea kuwaandikia madaktari wenzetu wanaoomba nafasi za ubingwa Marekani, kwa kuwa Mama ameniambia kwamba bado unapasoma. Ameniambia pia kwamba Septemba hii umetuma maombi upya. Hakulisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida. Alilinong'ona, kama mtu anayeogopa kulitaja lisije likaharibika, na nilielewa kwamba uoga huo ameupata kwetu sisi wawili.

Nimefurahi kwamba hukukata tamaa. Najua unavyotoka zamu ya usiku na kwenda moja kwa moja kwenye vitabu, maana ndivyo ulivyokuwa tangu Muhimbili. Lakini kuanzia Oktoba utaanza tena kusailiwa, na baada ya usaili barua nzuri nzuri zitaanza tena kuja, na siwezi kukuonya juu yake bila kwanza kurudi jikoni.

Nilikuwa nimetoka zamu, wali wa nazi uko motoni, theluji imeganda kwenye kioo cha dirisha. Huku ilikuwa inakaribia saa nne za usiku, na kule Tanga Mama alikuwa amemaliza tu kuswali alfajiri. Uliingia na simu mbili, moja ikiwa na barua pepe ya mkurugenzi wa programu ya mafunzo ya ubingwa iliyokusaili, nyingine Mama akiwa hewani kwa sauti ya juu. Barua ilikuwa na sentensi tano, na nilizisoma zote nikiwa nyuma ya bega lako kabla hujaanza kumfasiria. Ya tatu ilisema, kwa Kiswahili cha haki: tungefurahi sana kufanya kazi nawe, na tunaamini kwamba ungestawi katika programu yetu. Ya tano ilisema kwamba ujumbe ule usichukuliwe kuwa ahadi yoyote kuhusu nafasi yako katika orodha yao ya waombaji wanaowataka.

Wewe ulimwambia Mama: "Wanasema watafurahi kufanya kazi na mimi."

Ya tano uliiruka.

Mwalimu wetu wa darasa la sita alitusumbua sana kwa "nge" na "ngali", na wewe ndiye uliyekuwa ukizipata zote. Ulijua kwamba "tungefurahi" ina sharti ndani yake, na kwamba sharti lenyewe barua haikulitaja. Mama akauliza: "Kwa hiyo wamekuchukua?" Ukasema: "Ndiyo maana yake, Mama, inshallah." Alikuwa amemaliza eda mwezi uleule, na tangu Baba afariki sikuwa nimesikia sauti yake ikipanda namna ile, alipiga kigelegele peke yake ndani ya nyumba ile kubwa, alfajiri, bila kujali majirani. Kisha akauliza swali ambalo mpaka leo linaniamsha usiku: "Dada yako yupo hapo? Yeye anasemaje?"

Nilikuwa nimeshika mfuniko wa sufuria, mvuke unaniunguza kiganja, na sikuuweka chini. Nikasema: "Ni habari njema, Mama."

Ulisema uwanja wa ndege kwamba mimi nilijua. Ni kweli, nilijua. Mwezi mmoja kabla ya usiku ule nilikuwa nimekaa katika kamati ya usaili ya hospitali ninayofanyia mafunzo, nikiwa miongoni mwa madaktari wa mwaka wa tatu walioitwa kutoa maoni. Nafasi zilikuwa 12 na waliosailiwa walizidi 140. Nilimwona mratibu akiandaa barua za shukrani: maandishi yalikuwa mamoja, jina linabadilishwa, pengine na mstari mmoja juu ya jambo lililozungumzwa siku ya usaili, kisha mkurugenzi anatia saini. Na sikuona ubaya ndani yake, kwa sababu yule mzee aliwapenda kweli vijana wale. Hilo ndilo nililotaka ulielewe na sikulisema kwa wakati wake: aliyekuandikia wewe naye hakukudanganya. Wangefurahi kuwa nawe. Wangefurahi pia kuwa na wengine mia, nao mia hao huenda walipata sentensi ileile usiku uleule, wakiwafasiria mama zao huko Lahore, Lagos na Manila.

Siri za kamati sikuruhusiwa kuzitoa, na sitaomba radhi kwa kuzitunza. Lakini kukuambia kwamba barua kama hizo huandikiwa wengi hakukuwa siri. Ningeweza kukuambia palepale, simu ilipokatwa, wali ukiwa bado haujaungua.

Nilijitetea moyoni kwamba unazijua kanuni, na kweli ulizijua, maana tulizisoma pamoja. NRMP, mpango wa Marekani unaowaoanisha waombaji na programu za ubingwa kwa orodha za kila upande, inazikataza programu kumuuliza mwombaji atawaweka wa ngapi, na inazikataza kutoa kauli inayobeba ahadi. Kuonyesha kwamba wamekupenda hawakatazwi. Kati ya kupenda na kuahidi pana uwazi mwembamba, na ndani ya uwazi huo ndimo barua zote za Januari na Februari zinamoandikwa. Mpango wenyewe ulianza mwaka 1952 kwa sababu hospitali za Marekani zilikuwa zikiwawania wanafunzi mapema mno na kuwabana wajibu upesi, kabla hawajajua mahali pengine pangewapa nini. Kwa hiyo uliundwa ili maneno ya kabla ya siku yenyewe yasimfunge mtu. Kinachofunga ni orodha mbili zilizothibitishwa, yako na yao, na hesabu ya kompyuta inayofuata.

Na hesabu hiyo, tangu ilipotengenezwa upya na kuanza kutumika mwaka 1998, inaanzia kwako. Inachukua chaguo lako la kwanza, inauliza kama pana nafasi au kama yupo aliyeshikiliwa pale ambaye wao wamemweka chini yako. Wakikukataa, inashuka kwenye chaguo la pili, kisha la tatu, na kila aliyeshikiliwa anashikiliwa kwa muda tu mpaka orodha zote ziishe. Ndiyo maana kuweka juu mahali unapopapenda hakukupunguzii chochote huko chini, na ndiyo maana barua ya kukusifu haikupaswa kuhamisha hata jina moja katika orodha yako. Mahali ulipopapenda palikuwa Minnesota. Ulinieleza mwenyewe, siku ile nilipokuwa nimekalia sakafu ya ukumbini bila viatu ili nisisikike wakati unasailiwa, taa yangu ya kusomea ikiwa juu ya rundo la vitabu ili uso wako uonekane vizuri. Ulitoka ukiwa umelowa jasho ukasema: "Dada, pale nimejiona." Hawakukuandikia kitu, ukawashusha mpaka wa tatu.

Hilo la kuwashusha ningelisamehe. Lisilosameheka ni zile nne ulizoziacha kabisa. Ulisailiwa na programu 7 ukaandika 3. Ada uliyolipa ilikuwa inakuruhusu kuorodhesha hadi 20 bila kuongeza hata senti. Nilikuambia uziandike zote; nilikuambia mara mbili, moja kwa ujumbe nikiwa zamu na nyingine tukiwa kwenye gari, na ukanijibu kwamba ya nini kuandika mahali usipotaka kwenda na umeshapata unapotaka. Ningesisitiza zaidi ungesema kwamba mkubwa wako haamini kwamba nawe unaweza kufika alipofika yeye, kama ulivyosema siku ya sahani ya Shangazi. Hukumbuki? Mimi nakumbuka. Tangu siku ile najizuia kukusahihisha mbele ya watu, na nimejizuia kupita kiasi.

Tulikuwa tunajua pia kwamba kwa madaktari waliosoma nje ya Marekani na wasio raia wake, wanaopata nafasi ni karibu sita tu kati ya kumi, ilhali kwa wanaohitimu udaktari hukohuko ni zaidi ya tisa kati ya kumi. Mtu anayesimama upande wa sita kati ya kumi hafupishi orodha.

Kisha ikaja Jumatatu ya tarehe 17 Machi, siku ya kuambiwa kama umepata nafasi au hukupata. Mama alikuwa amealika futari. Hakutuuliza, alichinja mbuzi, akawaita majirani na walimu wa madrasa, akasema ni shukrani, kwa kuwa Ijumaa utatajiwa mji na yeye hawezi kungoja Ijumaa. Ujumbe ulipofika kwako asubuhi kwa saa za huku, kule jua lilikuwa linaelekea kuzama na sinia za tambi na mihogo zilikuwa zimekwishapangwa barazani. Ulisoma, ukaniwekea simu mezani mbele yangu, ukaingia chumbani ukafunga mlango. Hukupangiwa popote. Nani alimpigia Mama? Mimi. Nani alisikia watu wakicheka nyuma yake wakati akiniambia subiri kidogo, nipeleke uji kwanza? Mimi. Sikuambii haya ili kukulipisha. Nakuambia kwa sababu ulisema nilikuwa mtazamaji.

Kulikuwa bado na siku nne za kuombea nafasi zilizobaki wazi. Uliruhusiwa maombi 45, na programu ndizo zenye haki ya kuanza kukutafuta, si wewe. Nilikaa nje ya mlango wako na kompyuta magotini, nikikusomea majina ya zilizobaki wazi kupitia ule uwazi wa chini. Nilipofika kwenye jina la ule mji mdogo wa Pennsylvania sauti yangu ilikatika. Ilikuwa moja ya zile nne. Ilibakiwa na nafasi 2.

Sijui walikuwa wamekuweka katika orodha yao au hawakukuweka. Lakini hesabu ninayoijua ni hii: kama wao walikuandika, wakabakiwa na nafasi, na wewe ungewaandika hata wa saba, ungekuwa kwao leo, au mahali ulipopaweka juu yao. Ulifungua mlango saa tisa alasiri, tukatuma maombi, hawakukupigia. Alhamisi ikapita.

Msimu huu, zikija barua, zisome kwa Kiingereza mpaka mwisho, zifasiri kwa sauti kwa Kiswahili bila kuruka sentensi, kisha zifunge. Ukiambiwa kwamba utakuwa daktari mzuri, hilo ni sifa na halihusu orodha yao. Ukiambiwa kwamba watakuweka juu, huenda ni kweli, ila "juu" ya watu 140 hujui ni wapi, nao hawajui wenzao walio juu yako wataenda wapi. Wasipokuandikia usikonde, kwa maana zipo programu ambazo zimeamua kutomwandikia mtu yeyote baada ya usaili ili zisiwapotoshe, na nahisi Minnesota ilikuwa mojawapo, ingawa hili ni langu tu. Uliza yenye majibu: wanadhamini viza ya J-1, ile ya mafunzo, peke yake au na H-1B, ile ya kazi, kwa kuwa ya pili itakutaka uwe umefaulu Step 3, mtihani wa mwisho wa leseni ya udaktari wa huku, makurutu wao wa mwaka jana wametoka wapi, zamu za usiku zinagawanywaje. Andika kila mahali ambapo ungeona afadhali kuwepo kuliko kubaki bila nafasi, kwa mpangilio wa moyo wako na si wa barua zao.

Naona nimeanza tena kuagiza, na huenda hapa ndipo utakapoacha kusoma. Nilipokuwa mwaka wako na mimi nilipata barua kama ile. Niliiweka chini ya mto wiki tatu, nikampigia Baba, naye akaniuliza kwa upole: "Wamesema wata, au wamesema wange?" Yeye hakujua udaktari, alikuwa karani wa bandari, lakini aliuliza. Usiku ule jikoni nafasi ya kuuliza swali hilo ilikuwa yangu, kwa kuwa yeye hayupo.

Juzi nilimpigia Mama nikamsomea barua ile upya, yote, pamoja na ya tano. Bado ninayo, ulinitumia siku ileile. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimeisoma kabla yake, na kwamba aliponiuliza nilimjibu nilichojua anataka kukisikia. Alinyamaza, nikasikia jogoo wa jirani. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama wewe nimeshakuambia, nikamwambia bado.

Ile taa ya kusomea haijatoka juu ya vitabu. Kuanzia saa mbili za usiku kwa saa za huku huwa nyumbani, isipokuwa Alhamisi.

Dada yako