Oda ya 40: chupa au katoni?

Mhariri,

Natengeneza siagi ya karanga hapa Kihonda, Morogoro, na nauzia maduka makubwa matatu ya Dar. Siku hizi hawataki oda za simu. Mmoja alinipa njia mbili: nichape kwenye tovuti yake, au nilipie kampuni ya kati iunganishe mfumo wao na wangu. Wangu upi? Daftari na Excel! Nikachagua kuchapa; oda sita kwa wiki hazinishindi.

Ila kuna siku oda ilisomeka 40 nikapakia chupa 40. Kumbe msimbo ulikuwa wa katoni, kila moja chupa 12. Mimi nilisoma jina la bidhaa tu, kosa nalikubali. Faini waliyonikata ndiyo iliyoniuma.

Wanunuzi, mna tovuti tatu, nywila tatu, na kila moja inaita bei kwa jina lake. Kiwango cha EDIFACT cha Umoja wa Mataifa, yaani mpangilio mmoja wa kompyuta kutumiana oda na ankara, kipo tangu 1987. Mkikubaliana mpangilio mmoja, sisi wadogo tunaweza kuchangiana gharama za kampuni ya kati. Kwa sasa binti yangu anachapa mauzo yaleyale mara mbili: kwenye tovuti yenu, kisha kwenye mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi.

Mama wa siagi ya karanga,
Kihonda, Morogoro