Barua ya wazi kwa Waziri wa Nyumba wa Marekani: kamisheni ya dalali iingie kwenye mkopo

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Louisville, Kentucky. Wateja wangu wengi ni Wakongo wenye familia kubwa na akiba ndogo. Wananunua kwa mkopo wa FHA, yaani mkopo wa benki wenye bima ya serikali, ulio chini ya wizara yako, kwa kuwa malipo ya awali huanzia asilimia 3.5 tu.

Tangu Agosti 17, 2024, simwonyeshi mteja nyumba hata moja kabla hatujatia saini mkataba unaotaja kamisheni yangu. Muuzaji naye hatangazi tena kwenye MLS, orodha ya pamoja ya madalali ya nyumba zinazouzwa, atamlipa nini dalali wa mnunuzi. Yalianzia mahakamani Kansas City, Oktoba 2023, katika kesi ya wauzaji wa nyumba waliolalamikia kamisheni hizo, na Machi 2024 chama chetu cha madalali, NAR, kikakubali kulipa dola milioni 418 kumaliza madai hayo.

Sililii ya zamani. Wapo wenzangu waliofungua milango mitatu wakavuna maelfu, na mnunuzi hakuambiwa kamwe kwamba kamisheni hujadiliwa. Mkataba ni jambo jema (ingawa kumfafanulia mama wa watoto sita kurasa za Kiingereza, tumesimama nje ya nyumba ya watu, ni kazi nyingine).

Shida ni fedha taslimu. Chukua nyumba ya dola 250,000: malipo ya awali ni 8,750. Muuzaji akigoma kunilipa, asilimia yangu 2.5 ni dola 6,250 juu yake, na zitoke kabla ya funguo. Mwenye nazo hulipa. Wangu huiacha nyumba, au huenda mwenyewe kwa dalali wa muuzaji, mtu aliyeajiriwa kuipandisha bei.

Lakini bima yenu ya mwanzo, asilimia 1.75, mnaruhusu iingizwe kwenye mkopo. Kwa nyumba hiyohiyo ni zaidi ya dola 4,200, na mnunuzi huzilipa pole pole kwa miaka 30. Mlango huo mnao tayari. Naomba kamisheni ya dalali wa mnunuzi ipitie humo pia, hata mkiiwekea kikomo. Wizara ya Maveterani ililegeza masharti yake mwaka 2024, maveterani wakaruhusiwa kuwalipa madalali wao.

Jumamosi natembeza familia ya watu tisa. Mkataba tumeshasaini, na swali la kwanza la baba lilikuwa: "Hizi zako, ndugu, nazo benki itatukopesha?"

Wako,
Dalali wa wanunuzi, Louisville